Siku Niliyokaribia Kuwa Bi Mkude

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, ni ile niliyotakiwa kwenda mahakamani Kilosa kuliacha jina la baba yangu. Nilikuwa bibi harusi mpya. Nimekaa uani kwa mama mkwe napepeta mchele, na mume wangu, Mwalimu Idrisa Mkude, anapiga pasi suti yake ya kaunda kama mtu anayekwenda kuapishwa uwaziri.

Juzi uliniambia umeshaongea na wakili, na kwamba mkishafunga ndoa utachukua jina la mwenzio. Sikukujibu. Unanijua, mimi ni mtu wa haya tangu utoto, maneno yangu huchelewa kutoka. Basi yasikie leo.

Baba yangu aliitwa Ramadhani Ntahondi, mtu wa Kigoma aliyeletwa Kilosa na kazi ya reli. Uhuru ulipokuja nilikuwa mdogo wa kubebwa mabegani mwake. Ilipojengwa reli ya kushuka Mikumi alikuwamo, na baadaye akaifuata reli mpya iliyokuwa inaelekea Zambia. Mwanzoni alituma salamu kwa wenzake waliopita. Halafu kimya. Watu wakasema kaoa huko, wengine wakasema mengine. Mama akaacha kuuliza. Mimi nilishindwa kuacha.

Nilipomaliza kidato cha nne nikakuta watu wanahamishiwa vijiji vya ujamaa. Nyumba aliyotujengea baba kando ya reli ikaezuliwa, tukapelekwa Tindiga, kwenye mistari ya nyumba zinazofanana. Wenzangu waliwaza mashamba mapya. Mimi nilikuwa nawaza kwamba baba akirudi atakuta majani.

Ndipo nikaanza kutuma kadi za salamu redioni. Unaandika jina lako, unapokaa na unaowasalimu, kisha mtangazaji anasoma, nchi nzima inasikia. "Mwanaidi Ramadhani Ntahondi wa Tindiga, Kilosa, anamsalimu baba yake popote alipo." Kwenye duka la kijiji walinitania: "Huyo baba yako hana redio, au hana masikio?" Nacheka nao, halafu nakwenda kulia shambani. Lakini akina Ntahondi Kilosa nzima tulikuwa sisi tu. Akina Mkude wako kila kichochoro. Nyumba haipo, mahali tumehama. Baba angenipata kwa jina, basi.

Idrisa alijua baba hayupo. Habari ya kadi hakuijua, niliona aibu kumwambia kwamba bado namngoja mtu. Kwa hiyo aliponiambia, "Mwanaidi, nimepata uhamisho wa Mikumi, twende tukaape jina moja, tufike kule tukiwa Bwana na Bi Mkude," nilisema ndiyo huku nimeangalia chini.

Mama mkwe wangu, ambaye mji mzima ulimwita Binti Kondo kwa jina la baba yake, aliona machozi yananidondokea ungoni.

"Idrisa! Hebu weka hiyo pasi. Umeoa mtu, au umenunua baiskeli unataka kuipaka rangi yako?"

"Mama, haya ni mambo ya sheria. Siku hizi watu wanaandikisha jina moja."

"Baba yako nimeishi naye mpaka namzika, naitwa Binti Kondo. Kuna siku alilala njaa kwa hilo?" Akanigeukia. "Na wewe mkwe wangu, acha kuulowesha mchele. Sema. Ukinyamaza leo utanyamaza mpaka uzeeni."

Nikasema, sauti haikutosha hata kufika mlangoni. "Baba akinitafuta, atamtafuta Ntahondi. Akisikia Mkude, hatajua ni mimi."

Nikawaeleza habari ya kadi. Idrisa alinitazama mpaka tukasikia harufu ya kitambaa kuungua. Suti ile haikuvaliwa tena.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuniuliza."

Akakaa chini karibu yangu. "Nilitaka tu watu wajue uko kwangu," akasema taratibu.

Mahakamani hatukwenda. Mikumi tulihamia, na kadi iliyofuata aliiandika yeye, kwa ule mwandiko wake wa ubaoni: "Mwanaidi Ramadhani Ntahondi, sasa yuko Mikumi, pamoja na mume wake Idrisa Mkude, wanamsalimu baba yao popote alipo." Jina langu alilitanguliza mbele ya lake. Siku iliposomwa nilimshika mkono mbele za watu, mimi huyu mwenye haya.

Baba hakuja, mwanangu. Kama alisikia sijui. Mpaka leo mtu akiniita kwa majina yangu yote, hata kama ni nesi zahanati, nageuka haraka kuliko magoti yangu yanavyoruhusu.

Basi ninalokuusia ni hili. Kuchukua jina la mume si kosa, na sheria inakuruhusu; akikupa kwa upendo, ni zawadi. Lakini kabla hujaapa, kaa naye umweleze hilo ulilo nalo limebeba nini, naye akueleze kwa nini anataka uchukue la kwake. Mkielewana, badilisha au baki nalo, mimi nitakuitikia kwa lolote. Ila usiseme ndiyo huku umeangalia chini.

Mungu akupe mume anayeuliza, akupe na ulimi wa kumjibu. Na jina lolote utakaloingia nalo katika nyumba hiyo, asikosekane mtu wa kuliita jioni, kwa sauti ya kutaka urudi.