Mjeledi Uliopiga Udongo

Ua wetu kule Manga ulikuwa mkavu, mawingu yakijikusanya, nami nilikuwa na kidonda kwenye wayo. Dada yangu Nyaboke aliweka sharti la mchezo wetu wa pia: ambaye yake ingeanguka kwanza angeteremka chemchemini kuteka maji.

Tulizichapa pia zetu kwa mijeledi ya nyuzi za mgomba, iliyonukia utomvu. Yangu ilivuma. Mjeledi wake uligonga udongo, pu, pu, nikadhani mkono wake umechoka. Pia yake ikalala.

“Umeshindwa, bibi kizee!”

“Haya, bingwa. Nipe mtungi.”

Juzi, sokoni Daraja Mbili, nilimwona msichana akicheza pia na mdogo wake, akiuchapa udongo kwa makusudi.

Siku ile Nyaboke aliteremka peke yake, akarudi amelowa chapachapa.