Goigoi wa Kisima cha Mchangani

Dereva wa lori ndiye aliyeniletea habari hapa Lodwar: mzee aliyekuwa akichimba visima kwenye mto mkavu wa Kakuma amefariki. "Yule goigoi wenu amekwenda," alisema. Hakusema kwa chuki. Ndivyo wengi walivyomwita, hata watoto. Jumamosi tunamzika, na binti yake ameniomba nisome wasifu wake. Mnaonisoma kila wiki mnajua kwamba mbele ya watu sauti yangu hupotea. Lakini sitakubali azikwe na neno hilo.

Lilimpata mwaka ambao watu walipewa chakula kwa kuchimba visima vya mchangani, nami nilikuwepo. Mzee alichimba mpaka mchanga ukalowa, akapanda juu, akaketi kwenye kigoda chake kidogo, akawa anatazama chini. Msimamizi akaja na karatasi zake.

"Ejok, mzee," alimsalimu kwa Kiturkana. "Mbona unakaa tu? Wengine wanafanya kazi."

"Nangoja maji."

"Maji haiji kwa kungojwa."

"Basi wewe iite, ije."

Watu walicheka, msimamizi hakucheka. Alilikata jina la mzee kwenye orodha ya chakula. "Sitaki magoigoi hapa," akasema. Wachimbaji wengine wakaogopa, wakachimba bila kupumzika ili waonekane. Sasa, mchanga uliolowa una tabia yake. Ukiuchimba kabla maji hayajatulia, kuta hulainika na kuporomoka. Kabla ya saa sita kisima cha jirani kiliporomoka, kijana mmoja akafukiwa hadi kifuani. Mzee ndiye aliyeshuka kumfukua kwa mikono, na wala hakukaa mpaka alipomtoa. Jioni, ni kisima chake tu kilichokuwa na maji. Mama mmoja wa Sudan Kusini, akipanga mitungi yake, aliniambia, "Huyu mzee anafanya kazi na macho." Jina lake halikurudishwa kwenye karatasi. Lile la goigoi lilibaki.

Nimelifikiria sana neno hili, maana shuleni niliitwa hivyo kwa kuandika polepole. Goigoi ni mtu anayeweza kazi lakini anamwachia mwenzake mzigo. Huyo yupo, na aitwe hivyo. Lakini sisi tunampa jina hilo yeyote tuliyemkuta ameketi. Mchungaji aliyelala mchana kivulini baada ya kutembea na mbuzi tangu alfajiri, goigoi. Mkimbizi aliyenyimwa kibali cha kutoka kambini kutafuta kazi, naye goigoi. Anayesema hivyo mara nyingi amepita kwa gari, ametazama dakika moja, kisha ameondoka akiwa na maji yake kwenye chupa.

Jumamosi nitasimama. Nitasoma polepole, na sauti ikipotea nitangoja irudi, kama yeye alivyongoja. Kabla hujamwita mtu goigoi, muulize anangoja nini. Na atakayetaka kulitamka neno hilo kaburini, aje na mtungi mtupu, aketi kwanza kando ya kisima kile, angoje mpaka mtungi ujae.