Desemba ya Theopista

Kabla ya kufungua duka, Theopista alivua viatu na kuingia peku, kama anaingia chumbani kwa mama yake. Hata siku za mvua, maji machafu ya Kariakoo yakiwa yametapakaa kizingitini, hakuacha.

Aliuza mashuka kwa jumla Mtaa wa Kongo. Mimi nafundisha chuo. Tulipanga nyumba moja Ilala, ukuta kwa ukuta, na aliniita mdogo wangu. Mwaka mzima alifanya kazi, Jumapili akifungua duka akitoka kanisani, na kila alipochoka alijituliza kwa neno moja: Desemba. Ndipo Wachaga wa Dar hupanda kwenda kwao Kilimanjaro, na safari hiyo ya Rombo ndiyo aliyoiita likizo.

Lakini kwa Wachaga nyumba ya baba huachiwa mtoto wa kiume wa mwisho, na Isidori, mumewe, ndiye alikuwa kitindamimba. Kwa hiyo ukoo mzima ulishukia kwao. Mashemeji walikaa uani na pombe ya mbege, yeye akashinda jikoni kwenye moshi, akipika mtori wa ndizi, akisugua masufuria, akiwatandikia wageni mashuka aliyoyabeba mwenyewe kutoka dukani. Januari alirudi miguu imevimba.

"Likizo ilikuwaje, dada Theo?"

"Nzuri," alijibu, akiketi kukanda miguu.

Mwaka juzi alikataa kwenda. Alimwambia Isidori apande na watoto, yeye abaki alale. Nilimsikia Isidori akifoka: atawaambia nini watu, kwamba nyumba ya baba haina mama? Akaondoka amenuna.

Krismasi haijafika, nikamkuta dukani. Zamda, wa duka la jirani, alikuwa anamtania.

"Wee Mchaga gani? Wenzio wako Moshi wanahesabiwa, wewe unalinda mashuka! Watakufuta kwenye daftari la ukoo!"

"Wanifute, nipumzike."

Zamda alicheka mpaka akashika mlango. Theopista hakucheka. Tulipobaki wawili akakaa juu ya robota la mashuka.

"Nimelala, nimeamka, nimelala tena. Hakuna kitu, mdogo wangu. Nilidhani Desemba ndiyo inayonichosha. Kumbe huwa naifikia nimeshakwisha."

Watu husema mfanyakazi akipata likizo nzuri hurudi na furaha ya kumtosha mwaka. Labda ni kweli kwa mwenye mwaka mzuri wa kuurudia. Yeye alipopata ule usingizi alioutamani miaka yote, hakubaki na kitu kingine cha kungoja.

Mwaka jana presha ilimwondoa duniani, mvua za vuli zikianza. Wiki chache kabla nilimkuta akifunga duka, nikamuuliza kama safari hii atapanda Rombo.

"Nitapanda," alisema, akivuta geti. "Kama ni kuchoka tu, bora nichokee kwenye watu."