Televisheni ya Benchi la Ukutani

Mnisamehe kwanza kwa mwandiko. Shule niliishia darasa la saba, na huko tuliandika Kiingereza na Kiganda. Kiswahili ni cha nyumbani, nimekipata mdomoni mwa mama, kwa hiyo kuna maneno ninayoyajua kwa sikio tu na sijawahi kuyaona yameandikwa. Tena naandika polepole. Mkikuta herufi zimelala, mkono umechoka.

Nataka kueleza jinsi tulivyochagua televisheni.

Mama ana kibanda cha mpira hapa mtaani Namuwongo, karibu na reli. Watu wanalipa kidogo, wanakaa, wanaangalia mechi. Mchana, kama hakuna mechi, vijana wanacheza gemu za mpira kwenye kioo hicho hicho. Kiwanja chetu kimebanwa kati ya reli na mtaro, kwa hiyo kibanda ni kipana lakini kifupi. Wanaokaa katikati, mbele kabisa ya televisheni, ni wachache. Wengi wanakaa pembeni, kwenye benchi zinazogusa ukuta wa mabati, na wanatazama kioo kwa ubavu.

Televisheni yetu ya zamani ilikuwa LCD ya mtumba. Ukikaa mbele yake ilikuwa nzuri. Ukikaa ukutani, rangi zilikimbia. Jezi nyekundu na jezi za bluu zote zilikuwa majivu. Ndiyo maana benchi la ukutani walizoea kuuliza, "Nani ana mpira?" Na benchi la katikati walizoea kudanganya.

"Ni wenu. Wanaenda. Bado wanaenda. Amepiga. Goli."

Watu wa ukutani wanaruka, wanakumbatiana, na wale wa katikati wanacheka mpaka wanashika mbavu, kumbe mpira umeshatoka nje zamani.

Mimi nimekulia kwenye benchi la ukutani. Nina aibu, sipendi kukaa mahali ambapo watu wote wananiona. Nimeshangilia magoli mengi ambayo hayakufungwa.

Ulikuwa mchezo tu, hakuna aliyekasirika. Lakini ng'ambo ya reli mtu akafungua kibanda kingine, kirefu na chembamba, ambamo kila anayekaa yuko mbele ya kioo. Watu wetu wa ukutani wakaanza kuvuka reli. Jioni moja mama alisimama mlangoni akawatazama wakivuka, kisha akasema, "Msimu ukianza benchi hizi zikiwa tupu, nafunga. Nitauza mabati." Akiba yake ilitosha televisheni moja, na hakuna nafasi ya kukosea.

Tukaenda mjini watatu: mama, kaka yangu mkubwa na mimi. Mimi nilichukuliwa ili nisaidie kubeba. Duka lilikuwa la televisheni za mtumba, zimepangwa mpaka darini. Muuzaji alijua Kiswahili kwa sababu wateja wake wengi ni Wakongo kama sisi. Alituwashia mbili zinazolingana ukubwa, moja plasma na moja LCD, zote zikionyesha mechi ya zamani. Mlango ulikuwa wazi na jua liliingia lote. LCD iliwaka kama dirisha. Plasma ilionekana kama mtu aliyeamka na homa.

"Mama, mimi nauza zote mbili, sina sababu ya kukudanganya," muuzaji alisema. "Hii plasma viwanda vimeacha kuitengeneza. Inakula umeme kama shemeji aliyekuja kutembea. Inatoa joto, unaweza kuanika nguo. Na uzito wake, ukiiangusha kwenye mguu, huo mguu utausahau."

Kaka alikuwa amechagua LCD hata kabla hatujatoka nyumbani, na sababu yake ilikuwa ya kweli. Katika gemu, matokeo na saa vinakaa pale pale kwenye kona kutwa nzima, na plasma ina tabia ya kushika picha isiyosogea. Muuzaji mwenyewe akatuonyesha plasma nyingine iliyokuwa chini. Chini ya rangi zake kulionekana utepe wa habari na maandishi yake, kama alama ya pasi iliyounguza shati.

"Umeona?" kaka alimwambia mama. "Unataka watu wacheze gemu juu ya habari za mwaka jana?"

Mama alicheka, akaanza kufungua fundo la kitenge alimofunga pesa. Nikajua imeshaamuliwa.

Nilitaka kusema. Lakini duka lilikuwa limejaa wanaume, na kila mmoja alikuwa na sauti. Basi nikatembea mpaka ukutani, pembeni ya zile televisheni mbili, nikakaa chini sakafuni, mahali ambapo nyumbani lingekuwa benchi letu.

"Dada, umeangusha nini?" muuzaji aliuliza.

"Mwache," kaka alisema. "Huyo hata salamu anaitikia kwa miguu, anakimbia."

Watu walicheka. Masikio yangu yalipata moto. Lakini kutoka pale chini niliiona LCD, nayo ilikuwa imefanya kama ile yetu: jezi zote majivu. Nikageukia plasma. Nyekundu ilikuwa hafifu kwa ajili ya jua, lakini ilikuwa nyekundu.

"Mama," nilisema, "njoo ukae hapa."

Nilisema kwa sauti ya chini sana mpaka muuzaji akanisaidia kurudia. "Anasema ukae hapo."

Mama akaja, akakaa, magoti yakalia. "Naona mwanga tu, mwanangu."

"Ni jua. Kwetu ndani hakuna jua."

Mama alinitazama kidogo. Kisha akafungua kitenge chake cha juu, akatupa upande mmoja juu ya televisheni zote mbili, akatufunika vichwa. Kaka akaitwa ashike upande mwingine, akashika huku akitazama barabarani kuona nani anamwona. Chini ya kitenge kukawa giza kama kibandani, na ile plasma iliyokuwa na homa ikapona. Majani yakawa kijani, na mpira ukipigwa ulibaki duara. Kwenye LCD mpira ukienda mbio uliburuta mkia.

"Inama," mama alimwambia kaka, akimwonyesha LCD. "Nani ana mpira?"

Kaka aliinama. Alikaza macho. "Sijui."

"Na hapa?"

"Wekundu. Namba saba."

Mama akainuka. "Ya gemu tutatafuta la kufanya," alisema. "Hii ya ukutani hakuna la kufanya."

Tukachukua plasma isiyo na utepe. Muuzaji alituonya tusiilaze, kwa hiyo ilirudi Namuwongo imesimama kwenye mkokoteni kama bibi harusi, nami nikiishika mgongo njia nzima.

Sheria ya gemu aliitunga kaka mwenyewe. Kwanza alificha saa na matokeo kwenye gemu, yaani wachezaji wahesabu magoli kichwani. Pili, ukisimamisha gemu uende kununua chapati, kioo kinazimwa. Vijana walilalamika. "Kwani televisheni yenu ina mimba?" mmoja aliniuliza. Siku hiyo kaka hakuwepo. Kijana huyo akasimamisha gemu apokee simu, nami nikainuka mbele yao wote nikasema, "Ukisimamisha, nazima." Nikazima. Kesho yake walirudi, na yule wa simu akiwa wa kwanza.

Msimu ulianza Jumapili, mchana. Joto la plasma lilikuwa kweli, tukang'oa bati moja la juu, upande usio na jua, ili hewa ipite. Watu wa ukutani walivuka reli kurudi, wengine kwa udadisi tu, wakikaa nusu ya benchi kama watu wasiokaa sana. Katikati wakaanza kama kawaida.

"Wenu hao. Wanaenda. Goli."

Ukutani hakuna aliyeruka. Halafu dereva mmoja wa boda akasema taratibu, "Goli lipi? Mpira ameukalia kipa wenu."

Ukuta mzima ulicheka mpaka mabati yakatikisika. Na lilipokuja goli la kweli, walioinuka kwanza walikuwa wao. Benchi la katikati waligeuka kuwatazama, na mmoja akauliza nani amefunga.

Mapumziko watu walizidi kuingia. Wengine walikuwa wametoka kule kwenye kibanda kirefu. Mama alipita kati yao akikusanya pesa, akafika kwangu pale ukutani.

"Inuka," aliniambia. "Umekalia nafasi ya mteja."

Nikainuka. Kipindi cha pili chote nilikiangalia nimesimama mlangoni, na sijawahi kuwa na furaha kama ile. Mabati hayakuuzwa.

Umeme inakula kweli, muuzaji hakudanganya. Na siku hizi kwenye kona ya juu naanza kuona kitu kama alama ya chaneli, hafifu. Kwa hiyo ninyi mnaosoma, niandikieni. Kama plasma yenu imewahi kushika picha, mlifanyaje? Na kama mliamua LCD, niambieni mnakaa wapi mkiiangalia. Msiogope kuandika vibaya. Nitasoma polepole, na nitajibu polepole, lakini nitajibu.