Amina Aliyoikataa Kahindo

Mwaka 1971 mvua iliyeyusha chumvi yote ya Kahindo kwenye barabara ya Ariwara, na kwa muda mrefu baadaye hakupenda kusikia mtu akisema, "Mungu aliniambia." Maneno hayo aliyasema yeye mwenyewe siku alipopakia magunia.

Alikuwa ametoka Butembo na mume wake Paluku, wakafungua kibanda cha chumvi na sabuni katika soko la Bunia. Paluku alipofariki alimwachia kibanda hicho na mtoto wa kike wa miaka miwili, Adeline. Kahindo akawaona wenzake wakienda Ariwara na kurudi na vitenge. Akaomba, moyo ukamwenda mbio kwa hamu, naye hamu ile akaiita sauti ya Mungu. Lori likazama kwenye matope, turubai likapasuka. Magunia yalifika yakiwa yamenywea kama ngozi ya mbuzi.

Alirudi nyumbani mikono mitupu. Kuomba hakuacha, lakini tangu siku hiyo kila wazo lililomjia aliliuliza kwanza limetoka wapi.

Asubuhi moja, akiwa anaosha sahani, likamjia wazo la kwenda kwa Bernadette. Bernadette alikuwa jirani wa upande wa pili wa ua, na wawili hao hawakuwa wakisalimiana tangu mbuzi wa mmoja alipokula unga wa mwenzake. Kahindo akacheka peke yake. Lakini wazo halikuondoka. Lilirudi alipokuwa akifagia, likarudi tena sokoni akipima chumvi, bila kelele, bila kumwahidi kitu. Mchana akashindwa, akafunga kibanda, akaenda na kisingizio cha kuomba kaa la moto. Alimkuta Bernadette chini sakafuni, uchungu wa kuzaa umemshika kabla ya wakati, wala hakuna mtu nyumbani. Walifika hospitali juu ya mkokoteni wa mihogo. Mama akapona, na mtoto akapona.

Ndipo Kahindo alipoanza kutambua. Sauti ya chumvi ilikuwa na haraka, tena ilimsifu. Hii nyingine ilimtaka ameze kiburi chake, na ilipomsihi haikumsukuma. Miaka ikapita akijifunza namna hiyo, mara anakosea, mara anapatia, Injili ikiwa mezani karibu na sufuria.

Mwaka 1986 Adeline alikuwa na miaka kumi na saba, na shule ya sekondari ilikuwa inakaribia kuisha. Mama na binti walisali katika kikundi cha maombi cha mtaani kwao, ambacho mkubwa wake alikuwa Tharcisse, mtu wa sauti nzito aliyeogopwa kwa unabii. Mabati ya nyumba yao ya maombi yalitolewa na Athanase, mnunuzi wa dhahabu kutoka Mongbwalu, mjane mwenye umri wa kumzaa Adeline.

Jumapili moja Tharcisse akasimama, akafumba macho.

"Bwana amesema na miye. Adeline, binti ya mama Kahindo, aache masomo. Bwana amemupatia ndugu Athanase, na ndoa itakuwa mbele Pasaka ifike. Kanisa iseme amina."

Watu wakasema amina. Kahindo akainuka.

"Miye sisemi."

Tharcisse akafumbua macho. "Mama, unamupinga Mungu?"

"Ninakupinga weye. Mungu sijamusikia hapa."

"Na weye ni nani, upate kusikia?"

"Ni mutoto yake. Kondoo anajua sauti ya muchungaji wake, baba, na haombaka ruhusa kwa kondoo mwingine." Akamgeukia binti yake. "Adeline, Mungu alikuambia hii maneno?"

"Hapana, mama."

"Basi, anajua nyumba yetu. Siku akitaka atakuja."

Wakatoka wakiwa wawili tu.

Wiki hiyohiyo Tharcisse akawafukuza kwenye kikundi, akatangaza kwamba mkono wa Bwana utaigusa nyumba ile. Wateja wakaanza kupita mbele ya kibanda wakiangalia upande mwingine. Halafu Adeline akashikwa na homa kali, akaanza kusema maneno yasiyoeleweka. Hata Bernadette, akiwa amekaa kando ya kitanda cha hospitali, akasema kwa sauti ya chini, "Dada, uende tu uombe musamaha. Ju ya mutoto, apone."

Kahindo akaloweka kitambaa, akamfuta Adeline uso. Ndani yake sauti ilikuwa inamwambia: kimbia, umemuua mtoto kwa kiburi chako, kimbia sasa. Akaisikiliza mpaka akaijua.

"Hapana," akasema. "Hii iko na haraka. Ule ninamujua hanitishaka."

Ilikuwa malaria. Wakamtia dawa ya kinini kwa mshipa, homa ikashuka. Watu walipokuja kumwambia Kahindo kwamba Mungu amemhukumia haki, aliwakatalia nao pia.

"Hata Adeline angekufa, Tharcisse angekuwa tu amesema uongo."

Baada ya Pasaka Athanase alikuja kibandani, kofia mkononi.

"Mama, miye sikumuomba Mungu. Nilimuomba Tharcisse."

"Nilijua."

"Ulijua namna gani?"

"Miye, Mungu akisema, mara mingi anataka nitoe kitu. Ile unabii, weye ilikuomba utoe nini?"

Kahindo akamwambia aende ayaseme hayo mbele ya kanisa. Hakuenda, alirudi Mongbwalu, na Bunia hawakumwona tena.

Basi Kahindo akarudi mwenyewe kwenye nyumba ya maombi. Jumapili iliyofuata alikaa benchi la mbele pamoja na Adeline. Mzee wa mlangoni akamwambia atoke, maana alikuwa amefukuzwa.

"Hapa ni nyumba ya kuomba," akajibu. "Nimekuja kuomba."

Hakuna aliyethubutu kumgusa. Alikuja Jumapili iliyofuata, na nyingine, benchi lake likiwa tupu pande zote mbili, mpaka siku Bernadette alipokuja kukaa karibu naye.

Adeline alimaliza shule, akapata kazi ya kufundisha huko Fataki. Kwenye kikundi, unabii ulipungua. Tharcisse alipothubutu kusema tena, "Bwana amesema," vichwa viligeuka kutazama kama Kahindo ataitika amina. Jambo hilo lilimuudhi Kahindo kuliko kufukuzwa. Siku moja akasimama, akawageukia.

"Musiniangalie miye," akawaambia. "Niko mutu tu, chumvi yangu iliisha kwa mvua. Musikie wenyewe."

Akakaa.