Kiapo cha Foni ya Lubunga

Nakumbuka siku niliyoinua mkono wa kulia nikaapa mbele ya redio, mwanangu, na nimeikumbuka tena jana uliponiletea habari za kazi yako mpya. Ulisema umeajiriwa kwenye ofisi inayotoa vibali vya masafa ya redio za hospitali, za zimamoto na za polisi. Nilifurahi kweli. Halafu ukacheka ukasema, "Koko, bibi yangu, ni makaratasi tu, kupiga mihuri kutwa nzima." Nilinyamaza kwa sababu ulikuwa unakula, na mimi sipendi kumkaripia mtu mwenye tonge mkononi. Leo umeshiba, kwa hiyo kaa hapa unisikilize.

Wakati ule Wabelgiji walikuwa wakiuita mji huu Stanleyville, na sisi tulisema Kisangani kama tunavyosema leo. Uhuru ulikuwa bado mchanga. Mimi nilikuwa msichana, msaidizi katika zahanati ya uzazi kule Lubunga, ng'ambo ya kushoto ya mto. Zahanati ilikuwa na mkunga hodari, Mama Veronika, lakini haikuwa na daktari wa kupasua. Mama akishindwa kujifungua ilibidi avushwe hadi hospitali kubwa ng'ambo ya kulia, na hospitali hiyo ndiyo iliyokuwa na mashua ya injini. Kuiita mashua tulitumia redio ya kuongea, ile tuliyoiita foni. Mkuu wa foni alikuwa Papa Lazaro, mtu mfupi, mkavu, asiyependa mzaha saa za kazi, na saa nyingine pia.

Kila mwaka kibali cha foni kilipokwisha, Papa Lazaro alivaa koti lake na kuvuka na kivuko kwenda Posta kuomba kipya. Mwaka ule alinichukua, kwa sababu alitaka niandikwe kuwa msaidizi wake. Tulimkuta karani kijana kwenye kiti alichokiacha Mbelgiji. Maskini, alikuwa na haraka ya kutuonyesha kwamba kazi anaiweza, akashika muhuri hata kabla hatujaketi.

"Non, mwanangu," Papa Lazaro akamwambia. "Soma kwanza. Soma kwa sauti, sisi tusikie."

Karani akasoma, uso umemvimba. Masafa haya ni ya kuokoa maisha ya watu tu. Maneno yatakayosemwa yawe wazi, bila mafumbo. Mwenye kituo ndiye atakayejibu kwa kila neno litakalotoka kituoni. Baada ya hapo tukaapa, mmoja mmoja, mkono juu. Mimi nilikuwa naangalia dirishani, viatu vya kuazima vinanibana, nikiwaza kwamba mambo ya Wabelgiji yangeenda na Wabelgiji wenyewe.

Papa Lazaro aliniona. Tulipokuwa kwenye kivuko akaniambia, "Zaina, ulikuwa naapa, macho iko inje. Kesho utaapa tena."

Nilidhani anatania. Asubuhi iliyofuata alinisimamisha mbele ya foni, Mama Veronika akiwa shahidi, nikaapa upya kila neno, na niliposahau kidogo alinirudisha mwanzo. Nilikasirika mpaka chakula cha mchana kikanishinda. Kibali akakitundika ukutani juu ya foni, mahali ambapo mtu akikaa kuongea lazima kimtazame usoni.

Kisha vita vikaja. Mwanangu, sitakusimulia vita vyote, maana kuna mambo hata leo sitaki yapite mdomoni mwangu. Waasi walipokaribia mji, ofisa mmoja wa serikali alivuka akataka kutumia foni yetu kuagiza risasi. Papa Lazaro alimwonyesha kibali na kumwambia hapana. Ofisa akatukana, akaenda zake. Waasi wakauteka mji. Baada ya miezi, serikali ikarudi na ndege na askari ikachukua ng'ambo ya kulia, lakini sisi wa ng'ambo ya kushoto tukabaki mikononi mwa waasi. Mto ukawa mpaka. Mwenye kuvuka alipigwa risasi kutoka huku au kutoka kule. Ni mashua ya hospitali peke yake iliyoendelea kuja kuchukua akina mama, kwa sababu ilipoitwa na sauti ya Lubunga, watu wa kule hawakuuliza mara mbili.

Sasa, bibi yako Asha, mama wa mama yako, ndiye dada yangu mkubwa. Mimi nilimwita yaya Asha. Katika siku zile zile, mama yako akiwa tumboni mwake, uchungu ukamshika. Asubuhi alikuwa bado anatutania. Jua lilipopanda akaacha kusema. Mama Veronika alimpima, akanawa mikono, akanivuta pembeni.

"Mutoto amelala ya kukingama," akasema. "Mukono ndio inatangulia. Hapa siwezi. Kimbia, ite mashua."

Nilikimbia. Nilipofungua mlango wa chumba cha foni nikamkuta komanda wa waasi amekaa kwenye kiti cha Papa Lazaro, bunduki magotini. Wapiganaji wake walijaa barazani na majani yamefungwa vichwani. Papa Lazaro alikuwa amesimama kando ya ukuta, mikono nyuma. Nikamweleza mbio mbio hali ya dada yangu, nikisahau hata kusalimia.

Komanda akatabasamu. Mwanangu, lile tabasamu liliniogopesha kuliko bunduki.

"Unaona, muzee?" akamwambia Papa Lazaro. "Hata uongo hapana tena. Muke iko, mimba iko. Wewe ita mashua tu. Ikifika, bantu yangu watapanda, watavuka nayo. Ni hivyo tu."

Ndipo nikaelewa alichokuwa akimlazimisha kabla sijaingia. Alitaka ile mashua iwavushe wapiganaji wake, nao watu wa kule wangeipokea mikono mitupu wakidhani imebeba mama mwenye uchungu.

"Siiti," Papa Lazaro akasema.

Komanda akamlenga bunduki kifuani. Papa Lazaro akarudia neno lile lile, sauti haikupanda wala kushuka. Na mimi, mwanangu, nilimchukia. Nasema ukweli, nilimchukia yule mzee. Dada yangu alikuwa anakufa nyuma ya ukuta, nilikuwa nasikia sauti yake, na yeye anang'ang'ania makaratasi.

"Papa, ita!" nikalia. "Yaya Asha iko nakufa! Si uongo, Papa, ni kweli kabisa!"

Komanda akaniangalia, akasoma kile kibali ukutani, akaona jina langu chini ya jina la mkuu. Alikuwa amesoma shule, yule. Akasimama, akanishika bega, akanikalisha kwenye kiti na kunitia kipaza sauti mkononi.

"Bon. Wewe pia unajua. Ita."

Nikabonyeza. Foni ikaanza kuvuma. Nilikuwa tayari kusema, usinidhanie vingine. Papa Lazaro hakunisogelea. Alisema pale alipokuwa, polepole, kama vile tuko peke yetu asubuhi tunafuta vumbi.

"Zaina. Bale bantu ya mashua banakuya kwa sababu hii sauti haiyabadanganya hata siku moja. Wakikamatwa leo, kesho mama mwingine ataita, na watasikia, na hawatakuya. Utawaita mupaka ulie. Wewe uliapa. Sema yote, ao nyamaza."

Nilimtazama. Nikatazama ile karatasi. Nikasema haraka kabla woga haujanirudisha:

"Hospitali, hapa Lubunga. Mama iko na uchungu, mutoto amekingama, anaweza kufa. Ni kweli. Na bantu ya bunduki iko hapa wanangojea mashua. Ni kweli pia. Musifike ku kivuko. Narudia, musifike."

Komanda alininyang'anya kipaza sauti kwa nguvu, kidole changu kikatoka damu. Nilisikia bunduki ikikokiwa. Nikafumba macho, na sala yote niliyofundishwa na baba yangu ikanipotea, nikabaki na Bismillahi peke yake.

Nikasikia viatu vya Papa Lazaro. Nilipofumbua macho alikuwa amesimama kati yangu na komanda.

"Kituo ni yangu," akasema, na akaweka kidole kwenye kibali. "Umesoma mwenyewe. Kila neno inatoka hapa, mimi ndiye najibu. Donc, uliza mimi. Huyu ni mutoto."

Hapo foni ikasema. Sauti ya mwenzetu wa kule ilikuwa inakwaruza, lakini kila mtu chumbani aliisikia.

"Lubunga, tumesikia yote. Mashua haitafika ng'ambo yenu. Mutie mama ndani ya mutumbwi, shuka nyeupe juu. Tutamupokea katikati ya mai. Askari wa huku tutawaambia wasipige. Tunangojea."

Komanda akapiga kelele kwamba hatoki mtu. Lakini Mama Veronika hakuwa amengoja ruhusa ya mtu. Alishamlaza yaya Asha kwenye machela, akaja naye barazani yeye na wanawake watatu, damu inadondoka. Wale wapiganaji walikuwa wamenyweshwa dawa ya kuzuia risasi, na dawa ile ilikuwa na miiko. Mwanamke asimguse mpiganaji, na damu ya uzazi ndiyo iliyoogopwa kuliko yote. Vijana wale wakubwa, waliochoma nyumba za watu bila kupepesa macho, waliruka ukuta wa baraza mmoja baada ya mwingine. Komanda mwenyewe alijibanza mlangoni machela ilipompita. Siku nyingine yoyote ningecheka.

Akamkodolea macho Papa Lazaro. "Muke aende," akasema hatimaye. "Wewe, muzee, unabaki na miye."

"Lazima nibaki," Papa Lazaro akajibu. "Mashua iko ku mai, foni haiachwe peke yake." Kisha akanigeukia. "Nenda na dada yako. Ukifika, unipe habari."

Hakunipa mkono. Alikuwa ameshakaa, anarekebisha sauti ya foni.

Wagenya wawili, wavuvi wa mto huu, walitupakia kwenye mtumbwi, shuka jeupe juu ya mwanzi. Mto ulikuwa umejaa. Nyuma yetu waasi walikuwa wamejipanga ukingoni, mbele yetu askari wa serikali, na kila mmoja alikuwa anatulenga. Nilimshika yaya Asha kichwa, nikimwambia maneno ya kipumbavu, kwamba nitampikia pondu, kwamba nitamrudishia kitambaa chake nilichokificha. Hakuna aliyepiga. Nilisikia kasia na pumzi ya dada yangu, basi. Mashua ikatupokea katikati ya maji kama walivyoahidi.

Daktari alimpasua mchana ule ule. Mama yako alitoka amekuwa wa bluu, wakampiga matako, akalia. Nikaomba nionyeshwe chumba cha foni, nikakimbia na aproni yenye damu.

"Lubunga, hapa hospitali. Papa, ni Zaina."

Halafu akajibu, "Nasikia."

"Yaya Asha iko muzima. Mutoto iko muzima."

"Mutoto mwanaume ao mwanamuke?"

"Mwanamuke, Papa."

"Asante. Nimesikia vizuri. Lubunga inafunga."

Nilisikia sauti nyuma yake, ya watu wanaobishana, kisha foni ikakatika. Nilimwita tena. Nilimwita mpaka yule mwendesha foni akaninyanyua kitini kwa mikono yake mwenyewe.

Serikali ilipochukua ng'ambo ya kushoto nilivuka na mashua ya kwanza iliyokubali kunibeba. Chumba cha foni kilikuwa na matundu ya risasi ukutani. Niliuliza kila nyumba ya Lubunga. Wengine walisema walimwona akipelekwa kwenye barabara ya msitu, amevaa koti. Hakuna aliyeweza kunionyesha alikolazwa, na mpaka leo sijui. Lakini foni nyingine ilipoletwa, na kibali kipya kikatolewa, niliita mashua kwa mama wa kwanza nikiogopa hawatakuja, kwa sababu sauti ilikuwa yangu na siyo yake. Mashua ilikuja. Haikuuliza mara mbili.

Basi, mwanangu, usiniambie tena ni makaratasi. Kesho atakuja mtu mezani kwako kuombea zahanati yake masafa, miguu inauma, haraka imemjaa. Msomee kwa sauti. Akiangalia dirishani, rudia mwanzo, na akikukasirikia acha akasirike. Atakuja pia mkubwa, mwenye sare au mwenye tai, atakuambia umpe masafa ya wagonjwa kidogo tu kwa shughuli zake, na atakupa sababu nzuri, labda hata ya kweli. Mwambie hapana. Akirudi na mwenye cheo zaidi, mwambie hapana vile vile. Wewe hutamjua mama aliyelala ng'ambo akingoja, naye hatalijua jina lako. Hata hivyo yeye ndiye bosi wako, kuliko yule anayekulipa mshahara. Na ukitia sahihi kwenye kituo chochote, ujue umesema mbele ya Mungu kwamba utajibu. Kuna mtu alijibu kwa ajili yako kabla hujazaliwa, kabla hata mama yako hajapewa jina.

Mungu akupe mkono mwepesi wa kusaidia na mzito wa kupokea vishawishi. Akupe sauti ambayo watu wakiisikia hawataogopa kuja. Akulinde barabarani, akulinde ofisini, na siku ya kuulizwa, akupe moyo wa kusimama mbele. Amina. Haya, nenda kazini, utachelewa.