Vidonge Vilivyopigwa Msasa

Patasi ilipomponyoka mara ya tatu asubuhi ile, Ngui aliacha kuilaumu mikono yake, akaanza kumshuku mkewe.

Alikuwa mchonga vinyago kwa miaka ishirini, kazi yake akiifanyia kwenye roshani ya ghorofa ya nne, mtaa wa Pipeline. Miaka mitatu iliyopita jengo la jirani liliungua. Tangu hapo kifua kilimbana na usingizi ukamkimbia, hata akaandikiwa dawa ya kutuliza wasiwasi. Ilikuwa dawa ya majuma machache tu. Yeye akaendelea kuinunua mpaka mwili ukaizoea. Sasa Daktari Nabiswa wa zahanati ya mtaani alikuwa akimpunguzia polepole, kwa miezi, na alimwonya wazi: akiiacha kwa ghafla angeweza kuanguka kifafa, pengine afe.

Mwezi wa kwanza ulipita salama. Juma hili, hata hivyo, jasho lilimtoka kwenye baridi, na vishindo vya viatu vya wapangaji ngazini vilimgonga kichwani. Kipimo kilikuwa kile kile. Mbona basi? Mtunza dawa alikuwa Ndindi, mkewe, na siku hizi alimpa kidonge na maji huku akitazama kando.

Siku iliyofuata Ngui hakukimeza. Alikifumbata kiganjani, akakitazama mwangani. Kilikuwa chembamba. Kingo zilikuwa zimelainishwa, zimeviringwa kwa subira, kama pua za twiga ambao Ndindi huwamalizia kwa msasa kabla hawajapelekwa sokoni. Mkono ule aliujua.

"Mama Nzivo, hii ni kazi yako."

"Kazi gani?"

"Umekipiga msasa."

Ndindi alicheka kicheko kikavu. "Siku hizi wewe ni mpelelezi?"

"Na wewe umekuwa daktari lini?"

"Kina mama wa kanisa wananiuliza utameza vidonge mpaka lini. Nikataka umalize upesi, Baba Nzivo. Halafu ukaanza kutetemeka. Nikadhani ni ukali wa dawa."

"Ukafanyaje?"

Aliinamisha kichwa. "Kila ulipotetemeka, nilikwaruza zaidi."

Ngui alichukua koti, naye Ndindi akachukua pakiti ya dawa, wakashuka ngazi kwenda zahanati.

Daktari Nabiswa alimpima presha, akawasikiliza wote wawili, wala hakucheka. "Meza kizima hapa hapa," alisema. "Tutabaki kwenye kipimo hiki hadi utulie, hata ikichukua mwezi. Kisha tutapunguza kwa kiasi kidogo kuliko nilivyopanga. Ukiona kizunguzungu au misuli kurukaruka, njoo mara moja. Sasa, nani atatunza dawa?"

Ngui alimtazama mkewe kama mnunuzi anayetafuta ufa kwenye kinyago.

"Yeye," alisema. "Ila pakiti tutakuwa tunaifungua tukiwa wawili."

Ndindi aliitoa pakiti, akaiweka katikati yao.